Anayepigwa Danadana

Kuna malalamiko ambayo Mtanzania hahitaji kuyaeleza kwa kirefu. Anasema tu, "Wananipiga danadana," na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi anatikisa kichwa. Leo afisa yuko kikaoni, kesho faili liko kwa mwenzake, keshokutwa muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kasafiri. Nimeyasikia maneno hayo Mbinga mjini kutoka kwa wakulima wa kahawa. Nimeyasikia tena kule chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, kwa watu wanaofuatilia viwanja, fidia na mirathi. Kazi yangu ya uandishi wa habari ni kuyaandika malalamiko. Lakini mimi pia ni mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu ana ugonjwa wake: akimsikiliza mlalamikaji, anaanza kuyasikiliza na maneno yenyewe.

Hebu tuyasikilize basi. Danadana ni ule mchezo wa kuurusha mpira kwa mguu, paja na kichwa bila kuuacha uguse chini. Mtoto anapiga danadana ishirini, wenzake wanahesabu. Ni mazoezi, ni madoido, hakuna goli linalotafutwa. Sasa, katika sentensi "wananipiga danadana," msemaji ni nani? Mchezaji siye. Refa siye. Hata shabiki siye. Yeye ni mpira.

Unaweza kusema haya ni maneno ya mtu aliyekosa kazi. Mimi naona ni swali la maadili, na nataka tulifikirie pamoja. Kila tunapoyazungumza maisha kwa lugha ya mpira, tunamgawia kila mtu nafasi uwanjani: huyu mchezaji, yule mwamuzi, wale mashabiki, na huyu hapa mpira. Je, ugawaji huo ni wa haki? Na yule tunayempa nafasi mbaya, anadhulumiwa na maneno, au maneno yanatangaza tu dhuluma iliyokwishatendeka?

Lugha hii imetujaa, hilo halina ubishi. Aliyeachwa na mchumba kapewa kadi nyekundu. Aliyeondolewa kwenye cheo anakula benchi. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani yuko dakika za majeruhi. Aliyetoa siri ikamgeukia kajifunga mwenyewe. Aliyemtongoza mke wa mtu kaotea. Wawili wakibishana mpaka wakachoka, ngoma droo. Zamani kidogo tuliazima zaidi kwenye bao na karata: mtu anacheza kete yake, mtu amebakiza turufu moja. Tuliazima kwenye ngoma, tuliazima kwenye majahazi. Leo soka limevimeza karibu vyote. Ukitaka kueleweka haraka kuanzia Kigoma mpaka Kibiti, sema kimpira.

Waingereza nao wana misemo yao ya michezo isiyo na idadi, na aliyesoma vitabu vyao anaijua. Jambo lisilo la haki husemwa kwamba si kriketi. Anayebadilisha masharti katikati ya makubaliano husemwa kwamba amehamisha nguzo za goli. Ukiitazama kwa makini, mara nyingi msemaji wa misemo hiyo anajiona yumo mchezoni: yeye ni mchezaji, hata kama anafungwa. Ameonewa, lakini ameonewa akiwa na miguu. Yule mama wa Liuli anayepigwa danadana hana miguu ndani ya sentensi yake. Anasubiri kiatu kinachofuata.

Chukua msemo mwingine, huu wa wakubwa: "Mpira sasa uko kwenye uwanja wenu." Tumeutafsiri kutoka Kiingereza, na huko ulikotoka asili yake ni tenisi. Kwenye tenisi kuna wavu katikati. Mpira ukishavuka wavu ni zamu yako, na hakuna mwingine anayeweza kuupiga ila wewe. Kwa hiyo msemo unasema kitu kimoja tu: uamuzi ni wako. Sisi tumeuleta kwenye nchi ambayo mpira maana yake ni soka. Na kwenye soka, mpira ukiwa upande wenu maana yake mnashambuliwa. Wenzenu wamejaa langoni kwenu, beki anabutua popote, kipa anapiga kelele. Mwenyekiti wa kijiji akiambiwa na mkubwa kwamba mpira uko kwake, anayesema anadhani amekabidhi mamlaka. Anayesikia anajua amekabidhiwa balaa. Mimi nadhani anayesikia ndiye aliyeuelewa msemo vizuri zaidi.

Na kuna wasio na upande wowote wa uwanja. Mwaka 2012 mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa uliibuka upya, safari hii kwa sababu ya utafutaji wa mafuta na gesi ziwani. Malawi inashikilia kwamba kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 mpaka unapita ufukweni upande wa Tanzania. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Shauri lilipelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Jambo la namna hii linaandikika kirahisi mno kama mechi: timu mbili, waamuzi wazee wenye heshima, mpira ukitoka upande huu kwenda ule. Nasi waandishi tunapenda kichwa cha habari kinachoruka. Lakini mvuvi wa usipa anayeondoka Lituhi usiku na taa zake hachezi upande wowote. Yeye na mama anayechota maji asubuhi ndio kiwanja chenyewe. Wahenga hawakuwa na soka, na bado walishalisema hili: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Methali ya fahali inawaona wanaokanyagwa. Lugha ya mechi inawasahau, kwa sababu hakuna mtangazaji wa redio aliyewahi kutangaza nyasi.

Tupande sasa milimani, Umatengo, kwenye kahawa. Kule kuna kitu kinaitwa magoma. Mkulima amebanwa na ada ya shule au ugonjwa miezi ambayo kahawa bado iko mtini, anachukua fedha kwa mwenye nazo, na kahawa ikiiva inakwenda kulipa kwa bei ambayo walikubaliana wakati yeye ana shida. Kagera wanao utaratibu kama huo na wanauita butura. Serikali imeupiga vita mara nyingi, na mara nyingi umerudi. Sasa ukikaa na watu wakalizungumzia, utasikia: "Yule mzee kapigwa chenga." Watu wanacheka, hata mzee mwenyewe anaweza kucheka.

Chenga ni nini? Chenga ni ustadi. Tunalipa kiingilio kwenda kuiona. Mchezaji anayempiga mwenzake chenga hajavunja sheria yoyote, na beki aliyepigwa chenga hana wa kumlalamikia, alitakiwa kukaa vizuri. Kwa hiyo neno moja tu limekwishatoa hukumu: mwenye fedha ni fundi, mkulima ni beki mzito. Hatukuambiwa kwamba beki huyu aliingia uwanjani na mtoto mgonjwa mgongoni. Tungesema "amenyonywa" au "ametumiwa shida yake," tungelazimika kukasirika kidogo. Tukisema chenga, tunashangilia. Hapa ndipo ninaposema kwamba maneno nayo yanaweza kudhulumu. Hayakumwibia mzee kahawa yake, ila yamemnyima kitu kingine, haki ya kuonekana kama mtu aliyetendewa jambo.

Huku ziwani kuna historia inayoonyesha hatari ya lugha ya mchezo kuliko mfano wowote wa ofisini. Liuli, ambayo leo iko Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyozaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012, Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake kubwa ambalo kwao lilifanana na lile sanamu la Misri. Hapo ndipo ilipokuwa meli yao ya ziwani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea na kuifyatulia mizinga. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, na nahodha wa Kijerumani, Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Berndt alikuwa hajapata habari kwamba nchi zao zina vita. Inasimuliwa kwamba alitoka na mashua ndogo, kafura, kumuuliza rafiki yake amelewa au vipi. Akachukuliwa mateka.

Hadithi hii inatajwa kama moja ya mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na vitabu vya Kizungu huisimulia kwa kicheko. Marafiki wawili, ziwa zuri, mzinga mmoja mkuukuu, utani wa makamanda. Ni kama mechi ya kirafiki ambayo mmoja wa makapteni hakuambiwa kwamba imekuwa ya ligi. Na kweli inachekesha, sitaki kujifanya kwamba haichekeshi.

Ila endelea kusoma baada ya kicheko. Vita hiyo katika Afrika Mashariki ilidumu miaka minne, na iliendeshwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Palipokuwa hakuna barabara wala wanyama wa mizigo, chakula na risasi vilibebwa na watu waliochukuliwa vijijini, wengi bila kuulizwa. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na zaidi ya risasi kilichowaua ni maradhi, njaa na uchovu. Kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na mahali kilipopiga kambi Dar es Salaam, midomo yetu ikapaita Kariakoo. Leo tukisema "Derby ya Kariakoo" tunamaanisha Simba na Yanga, watani wa jadi. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, nusu ya nchi nyekundu na nusu kijani. Jina la wale waliobebeshwa vita ya watu wengine limekuwa jina la mechi kubwa kuliko zote nchini. Sidhani kama kuna mtu alikusudia hivyo. Lakini mtu akiniuliza kwenye ile mechi ya Liuli mpira alikuwa nani, jibu langu ni Kariakoo.

Hadi hapa naonekana kama mtu anayetaka kuipiga marufuku lugha ya michezo. La hasha. Upande wa pili una hoja nzito, na haki ni kuisikiliza.

Hoja ya kwanza: mchezo ndio umetufundisha wengi wetu neno la haki. Mtoto wa miaka saba hajui katiba, lakini anajua faulo. Anajua kwamba refa hapaswi kuwa na timu. Anajua kwamba mkubwa na mdogo wote wakishika mpira kwa mkono, filimbi inalia. Mchuuzi wa mbasa anapomwambia mtoza ushuru, "Bosi, hapo unanichezea rafu," ametumia silaha ambayo Kiswahili cha ofisini hakimpi. Angesema "unanionea" ingekuwa ugomvi. Angemnukulia sheria angeambiwa anajifanya mjuaji. Rafu imemwezesha kumshitaki mkubwa bila kumtukana, tena mbele za watu, na mkubwa akajikuta amecheka na kupunguza. Wanyonge wameitumia sana njia hii na mimi siwezi kuwanyang'anya.

Hoja ya pili ni ya utani. Mkoa wa Ruvuma ni mwalimu wa jambo hili. Karne ya kumi na tisa Wangoni walipoingia na mikuki yao, Wamatengo walijikusanya milimani. Watu waliowahi kuwindana leo wanaoana, na wakikutana msibani wanataniana. Sehemu nyingi za nchi hii uadui wa zamani umegeuzwa kuwa utani kwa makusudi kabisa, na utani una kanuni zake kama mchezo: hukasiriki, na msibani unawajibika. Hata klabu ya mpira ya mkoa, Majimaji ya Songea, imebeba jina la vita ya 1905 hadi 1907, vita iliyowapeleka mashujaa wa Kingoni kwenye kitanzi hapo hapo Songea tarehe 27 Februari 1906. Na mashabiki wake wanajiita Wanalizombe, kwa ngoma ya Wangoni. Vita, ngoma na mpira ndani ya jezi moja. Mtoto anayelipiga kelele jina hilo uwanjani halitukani kaburi la mtu. Analifanya liendelee kutamkwa. Kwa hiyo mchezo unaweza kuwa namna ya kuupoza ukatili, na siyo kuuficha tu.

Nazikubali hoja zote mbili. Ila zitazame vizuri, maana zina sharti ndani yake. Rafu inamsaidia mchuuzi kwa sababu anamkumbusha mkubwa kwamba kuna kanuni. Utani unawasaidia watani kwa sababu kila mmoja ana zamu yake ya kutania. Mchezo wowote ulio mchezo kweli una mambo manne: umeingia kwa hiari, sheria mnazijua wote, refa hachezi, na filimbi ya mwisho ikilia mnapeana mikono na kurudi nyumbani mkiwa wazima, Jumamosi ijayo mnaanza sifuri kwa sifuri. Ondoa moja kati ya hayo manne, na kile unachokiita mchezo ni kitu kingine kilichovaa jezi.

Mwaka 2015, kuelekea uchaguzi mkuu, Nape Nnauye, wakati huo katibu wa itikadi na uenezi wa CCM, alisema chama chake kitashinda hata kwa goli la mkono. Kila shabiki alijua rejea hiyo. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca jijini Mexico, Diego Maradona aliusukuma mpira kwa mkono ukaingia goli la Uingereza, refa wa Kitunisia hakuuona mkono, goli likahesabika, na Argentina ikashinda 2-1. Kauli ya Nape ilizua kelele nchi nzima. Wapo walioichukua kama utani wa jukwaani, madoido ya msemaji mwenye kipaji. Wapo walioisikia kama ungamo. Mimi sina kipimo cha kujua moyoni mwake kulikuwa na nini, na kwa hoja yangu sikihitaji. Ninachokitazama ni msemo wenyewe, kazi uliyoweza kuifanya. Maneno "tutashinda hata kwa udanganyifu" hayawezi kusemwa mkutanoni na kiongozi yeyote, wa chama chochote. Yakivalishwa jezi namba 10, yanasemwa, na watu wanapiga makofi. Kwa sababu kwenye soka goli la mkono lina utukufu wake: lilifungwa na fundi, likaleta kombe, na aliyeonewa alikuwa mkubwa aliyestahili kuonewa. Utukufu huo wote unahamia kwenye jambo lisilohusika nao.

Tena angalia waliokuwa wapi wananchi. Jirani zetu Wakenya walikuwa na hayati Raila Odinga, ambaye kwenye mikutano alizoea kuisimulia siasa kama mtangazaji wa mpira redioni, akiwataja washirika wake wakipasiana, mpira ukisogea, mpaka goli na umati ukilipuka. Ilikuwa burudani ya hali ya juu, sanaa kamili ya mdomo. Lakini ndani ya simulizi hiyo umati ule, wenye kura zote, ulikuwa jukwaani kwa mashabiki. Shabiki anaweza kushangilia na anaweza kulia. Kitu kimoja hawezi: kuugusa mpira. Lugha ya mechi, hata inapotumiwa kwa upendo, humwambia mwenye nchi kwamba kazi yake ni kukaa na kutazama.

Kuna kaulimbiu ya Mwalimu Nyerere ambayo ina toleo la Kiingereza na toleo la Kiswahili, na wapenzi wa tafsiri wataona kitu hapo. Kwa Kiingereza inamwambia mtu acheze nafasi yake, neno ambalo Waingereza wamelitoa kwenye jukwaa la maigizo. Kwa Kiswahili inasema: "Inawezekana, timiza wajibu wako." Kucheza kumeondoka, wajibu umeingia. Hakuna upotoshaji, maana ni ile ile. Lakini naona Kiswahili hapo kilikataa kwa upole kuliita jukumu la mtu mchezo. Mchezo unaweza kuuacha ukichoka. Wajibu unakufuata mpaka nyumbani.

Basi tufanyeje? Sipendekezi tuanze kuongea kama hati za mahakama. Napendekeza jambo dogo ambalo msomaji yeyote wa fasihi ameshalizoea, kwa kuwa ndilo analolifanya akikutana na sitiari kwenye shairi. Ukisikia jambo limesemwa kimpira, gawa nafasi zote, usiishie kwa wachezaji wawili. Refa ni nani, na analipwa na nani? Nani amenunua tiketi? Nani yuko chini ya njumu? Na zaidi ya yote: mpira ni nani? Kama jibu ni jambo, hoja, zabuni, kura za maoni, endelea kucheka, msemo ni mzuri. Kama jibu ni mtu, msemo umetuonyesha jambo ambalo msemaji wake pengine hakukusudia tulione, na hapo tuseme upya kwa maneno yasiyo na jezi.

Danadana iko tofauti kidogo, na ndiyo maana nimeipa kichwa cha habari. Huo msemo haukutungwa na wakubwa. Anayejiita mpira ni mwenyewe anayepigwa, na anafanya hivyo akijua. Afisa angeita "utaratibu." Angesema "suala lako linashughulikiwa," neno ambalo limekaa mahali pake vizuri na halimwonyeshi mtu yeyote akifanya chochote. Mama anasema wananipiga danadana, na ghafla tunaona miguu: kuna watu, wanafanya kwa makusudi, na wanafurahia ufundi wao wa kuuzuia mpira usiguse chini. Katika misemo yote ya michezo niliyoitaja, huu ndio ninaouona mkweli kuliko wote, kwa sababu umetamkwa kutoka mahali ambapo maumivu yapo. Mwandishi wa habari akiusikia asiurembeshe. Aandike miguu ni ya nani.

Na tukichoka na soka, tuangalie huku huku Umatengo. Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika majani yale. Mlima mzima unakuwa vishimo vishimo, kila kishimo kikishika maji yake, na mvua ikija haibebi rutuba kuipeleka bondeni. Hakuna anayeshinda kwenye ngoro, na hakuna anayefungwa. Lakini mwenye shamba la juu asipochimba vishimo vyake, udongo unaporomoka kwa jirani wa chini, na jirani anajua ni wa nani. Hebu fikiria lugha ambayo, faili likipotea ofisini, watu wangeuliza: hapa juu ni nani ambaye hakuchimba ngoro zake? Hatujaanza kusema hivyo. Ila Kiswahili hakijawahi kuomba kibali cha kuazima, na mlima uko pale, kilomita chache tu kutoka kwenye benchi ambalo yule mama bado amekaa.